Mchwa Aliyeifunza Mashine Kusema

Jina la Mchwa alipewa na baba yake, na hakuonewa. Alikuwa hajaanza shule alipoifungua redio ya nyumbani kwa ncha ya kisu cha mezani, akavitandaza vyuma vyake sakafuni kimoja kimoja kama mtu anayepanga bidhaa sokoni, kisha usingizi ukamchukua katikati ya vyuma hivyo. Baba alisimama mlangoni, akatazama, akasema, "Nyumba hii imeingiliwa na mchwa." Baada ya redio ikafuata saa ya ukutani, kisha pasi, kisha tochi. Dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyeachiwa kazi ya kumchunga, alikemewa mara nyingi kwa makosa ambayo hakuyafanya.

Lakini wanaosema mchwa huharibu tu hawajawahi kukitazama kichuguu. Msichana yule alijifunza kufungua, halafu akajifunza kufunga, na siku moja redio ikarudi kusema, japo ilibidi kuipiga kofi kidogo kwanza. Alipokua alisomea ufundi wa elektroniki chuoni, akafanya kazi kwenye kibanda cha kutengeneza simu, mahali ambapo watu humletea fundi simu iliyolowa maji na kuapa kwamba haijawahi kuona hata umande. Mwenye kibanda alipohama, Mchwa alibaki na mfuko wa vifaa, chuma cha kulehemu, na dada.

Dada huyo alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara bila kusimama. Alikuwa anatotolesha vifaranga. Kwenye chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya saruji, alisimamisha makabati matatu ya mbao yenye milango ya kioo, na ndani ya kila kabati kulikuwa na hita, feni ndogo, na trei za mayai zilizopangwa kama rafu za vitabu. Yai la kuku linataka joto lisiloyumba na linataka kugeuzwa mara kwa mara, usiku na mchana, la sivyo kiumbe kilichomo hugandia upande mmoja kikafa. Kwa miaka dada aliyageuza kwa mikono yake mwenyewe. Hakuwahi kwenda harusi akakaa hadi mwisho. Hakuwahi kuugua kwa raha.

"Dada, kazi hii ni ya kompyuta," Mchwa alimwambia.

"Kompyuta nitaiweka wapi na vumbi hili la manyoya?"

Mchwa alifungua kiganja. Ndani yake palikuwa na kibao cha kijani chenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea, kimejaa vichuma.

"Hii?"

"Hii hii."

Mume wa dada, mwalimu wa historia kwenye shule ya sekondari, mtu aliyeamini kwamba siku isiyo na utani kwa shemeji yake imeharibika, aliinamisha miwani yake akatazama. "Mimi nilidhani ni biskuti," alisema. "Kidogo nitie mdomoni."

Ile biskuti ilifanya kazi. Mchwa alifunga vipima joto na vipima unyevu kwenye kila kabati, akaweka mota za kugeuza trei, akaandika programu ya kusimamia yote hayo. Wiki ya kwanza dada aliamka kila usiku kwa mazoea, akaenda kuchungulia, akakuta mayai yamegeuzwa, joto liko pale pale, akarudi kitandani amekasirika kwa kukosa la kufanya. Wiki ya pili alilala hadi asubuhi. Mwalimu alisema hajawahi kusikia mke wake akikoroma, na kwamba sasa angependa mashine ya kurekebisha hilo.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, alisema mwalimu huyo huyo mambo yalipoanza kuharibika.

Yaliharibikia kabati la tatu, lile la mwisho ukutani. Dada angefungua chumba na kukuta kioo chake ni baridi, hita imezimika, wakati makabati mengine mawili yako salama salimini. Angemwita Mchwa. Mchwa angekuja mbio, akabonyeza kitufe, kompyuta ikajizima na kujiwasha upya, hita ikawaka, na kila kitu kikarudi kana kwamba hapakuwa na neno. Baada ya siku kadhaa, baridi tena. Mayai yaliyopigwa na baridi hayalalamiki. Yanangoja siku ya kuanguliwa ndipo yanapokujibu kwa kimya.

Na yalijibu. Siku ya kuangua, nesi mmoja mstaafu alifika na maboksi aliyoyatoboa matundu ya hewa kwa uangalifu. Kuku wake wote walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, naye alitaka kuanza upya. Kabati lililobeba mayai yake, la tatu, lilikuwa limetoa vifaranga wa kuhesabika kwa vidole, nao walikuwa dhaifu, hawasimami. Dada hakuthubutu kumpa. Nesi yule hakugomba. Alisema tu, "Basi, nitarudi," akapanga maboksi yake matupu moja ndani ya jingine, akaondoka. Angetukana, wangepumua.

Jioni ile, wakiosha vyombo jikoni, dada alisema bila kugeuka, "Mdogo wangu, nakupenda. Lakini mayai hayajui undugu. Natia mayai mengine Jumatatu. Yakiharibika haya, mimi narudi kwenye mikono yangu, na hicho kisabuni chako ukakiogee."

Mchwa aliendelea kusuza sahani. Alikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa la aibu: hakujua ugonjwa ni nini, na hakuwa na njia ya kuujua.

Kila kompyuta, hata ndogo namna ile, hujisemea yenyewe. Inapoamka husema imeamka. Ikishindwa kusoma kipimo, husema imeshindwa. Programu ikianguka, husema imeanguka na wapi. Maneno hayo huitwa kumbukumbu za mfumo, na fundi anapoitwa, huyasoma kwanza, kama daktari anavyouliza maumivu yalianza lini. Lakini kompyuta ya mayai ilikuwa ikiyaweka maneno yake kichwani tu, kwenye ile sehemu inayofutika umeme ukikatika. Mchwa alikuwa ameipanga hivyo makusudi, maana memori kadi inayoandikwa saa zote huchakaa upesi. Matokeo yake, kila alipobonyeza kitufe ili kuliponya kabati, alimfanya shahidi wake apoteze fahamu.

"Hapa hakuna kupona," alijiambia, "mpaka huyu ajifunze kusema, na yanayosemwa yabaki."

Jaribio la kwanza lilikuwa la haraka, na haraka haina baraka. Aliiamuru kompyuta iandike kila kitu kwenye memori kadi, hata kama kadi itachakaa. Ikaandika. Iliandika joto la kila kabati kila sekunde, ikaandika kwamba mota imeanza kuzunguka, inazunguka, imemaliza kuzunguka. Iliandika kama mtu aliyefungiwa miaka na leo amepata wa kumsikiliza. Siku ya tatu kadi ikajaa pomoni, kompyuta ikaganda, na makabati yote matatu yakaanza kupoa. Bahati Mchwa alikuwa chumbani anafagia. Alisikia feni zikinyamaza, akatupa ufagio, akafuta kadi, akawasha upya. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Kwanza kilikuwa bubu," alisema. "Sasa kinasema mpaka kinasahau kazi. Shemeji, hakuna cha katikati?"

Alisema kwa utani, lakini Mchwa alilichukua neno lile akaenda nalo. Cha katikati. Ndicho hasa kilichohitajika.

Asubuhi iliyofuata alianza upya, taratibu. Kwanza aliyapanga maneno kwa uzito. Hatari na makosa yasemwe mara moja, bila kungoja. Maonyo pia. Habari za kawaida kama joto zisemwe mara chache tu, kwa muhtasari. Mota inapozunguka vizuri isiseme lolote, maana mfanyakazi anayetangaza kila ufagio anaoshika huwezi kumsikia siku anapopiga kelele ya moto. Kisha aliamua kwamba maneno hayo yasikae kwenye ile kompyuta ndogo kabisa. Yasafirishwe papo hapo kwa waya wa mtandao hadi kwenye mashine nyingine yenye nafasi, ili ile ndogo ikizimika, maneno yake ya mwisho yawe yameshaondoka.

Mashine nyingine ilikuwa laptopu ya zamani ya mwalimu, yenye herufi mbili zilizong'oka, ambayo alikuwa akitunzia mitihani.

"Shemeji, naomba laptopu yako."

"Kwa ajili ya kuku?"

"Kwa ajili ya mkeo."

Aliitoa siku ile ile.

Mchwa alipitisha waya chini ya mlango, akauelekeza ukutani hadi kwenye meza ya sebuleni. Kwenye kompyuta ndogo alifungua faili la mipangilio, akaandika mstari mmoja: maneno yote yaliyochujwa yapelekwe kwenye anwani ya laptopu. Kwenye laptopu akawasha programu ya kupokea. Akakaa, akatazama kioo. Hakikuja kitu. Akakagua anwani, sawa. Akakagua waya kwa kuingia mvunguni mwa meza na tochi mdomoni, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Waya ulikuwa mzima. Alipotoka huko na utando wa buibui nywelini ndipo alipokumbuka: ulinzi wa laptopu hukataa mgeni yeyote asiyetambulishwa. Maneno yalikuwa yanafika na kugonga mlango uliofungwa. Akaufungua mlango ule mmoja tu, kwa mgeni yule mmoja tu.

Mstari ukatokea. Kisha mwingine. Mchwa alipiga kofi moja la nguvu lililomtoa dada jikoni.

"Nini?"

"Inasema!"

Dada alisogea, akasoma, akakunja uso. "Inasema leo ni mwaka wa sabini."

Kweli. Mbele ya kila mstari palikuwa na tarehe ya mwaka elfu moja mia tisa na sabini. Kibao kile hakikuwa na betri ya saa. Kila kilipoamka kilidhani dunia ndiyo kwanza imeanza, na kwa kompyuta nyingi dunia ilianza mwaka huo. Mwalimu alifurahi kupita kiasi. "Afadhali," alisema. "Sasa tumekuwa wawili wa kufundisha historia."

Tukio lisilo na wakati ni uvumi tu. Kwa hiyo Mchwa aliifunza kompyuta ndogo kwamba ikiamka, kabla ya kutuma neno lolote, iiulize laptopu leo ni siku gani na sasa ni saa ngapi. Mstari uliofuata ulipofika na "Alhamisi", sawa na kalenda ya ukutani, aliifunga faili, akanawa mikono, akaomba chai.

Kisha wakangoja. Mayai mapya yalikuwa yameshawekwa. Siku zikapita bila neno, joto likasoma vilevile, mwalimu akaanza kulalamika kwamba mitihani yake imehamishwa na kuku. Siku moja alasiri kabati la tatu likapoa tena. Dada alipaza sauti. Mchwa alikimbia, lakini safari hii hakukimbilia kitufe. Alikimbilia sebuleni.

Mistari ilikuwa pale, mitatu, imefuatana kama watu kwenye foleni. Wa kwanza: umeme umeshuka nguvu. Wa pili: nimeamka. Wa tatu ulikuwa umeandikwa kwa maneno aliyoyatunga Mchwa mwenyewe ndani ya programu: "Kabati la tatu, kipimo hakijibu. Nimeacha kulisimamia."

"Imejizima yenyewe," Mchwa alisema taratibu. "Umeme ulishuka, ikazimika, ikaamka. Kipimo cha kabati la tatu kina waya mrefu kuliko vyote, kinachelewa kuamka. Ikakiuliza mara moja, kikakaa kimya, ikaliacha kabati."

"Mara moja tu? Mtu hubisha hodi mara tatu."

"Ndiyo, dada. Nitaifunza kubisha."

"Na umeme unashushwa na nani? Jirani?"

"Hilo haisemi."

Mchwa alibonyeza kitufe ili mayai yapate joto, bila hofu sasa, maana maneno yalikuwa yamehifadhiwa sebuleni. Programu hakuigusa bado, maana akiificha dalili hangeujua ugonjwa; dada akawa analichungulia kabati kila saa. Siku chache baadaye, hali ikatokea tena: mistari ile ile mitatu, siku tofauti, saa tofauti. Alizitazama siku hizo akakosa mpangilio. Aliangalia majirani, akaangalia mwashi wa karibu anayetumia mashine ya kukata vigae, hakuona uhusiano. Akamwita dada, akamsomea kwa sauti.

"Jumanne, saa tisa kasoro robo. Jumamosi, saa tano."

Dada alikuwa anakausha mikono kwa kanga. Akasimama. "Soma tena."

Akasoma tena.

"Jumanne ndiyo siku niliyogombana na mleta mayai kwa sababu ya yale yaliyovunjika. Na Jumamosi alikuja kuomba radhi, akaleta mengine." Akavuta kiti, akakaa. "Akileta mayai mimi naosha trei. Nikiosha trei nawasha pampu."

Walitazamana. Pampu ya maji ilikuwa nje ya dirisha la stoo, na waya wake uliingia ndani kwenye soketi ile ile iliyolisha kompyuta. Pampu inapoanza kuzunguka humeza umeme kwa pupa, kisha hutulia. Hilo bonge la kwanza ndilo lililokuwa linaiua biskuti.

Dada alianza kucheka. Alicheka hadi akashika meza. "Kumbe mimi! Nilikuwa nakutukana, mdogo wangu, huku kisabuni chako nakinyonga kwa mkono wangu!"

"Si wewe, dada. Ni pampu."

"Niache nicheke. Wiki zote hizi nimelia vya kutosha."

Kabla ya jua kutua, Mchwa alikuwa amevuta waya wa peke yake kwa ajili ya kompyuta, akaipa na betri ndogo ya kuishikilia umeme ukiyumba. Programu aliiandika upya mahali pale pa kukata tamaa: kipimo kisipojibu, uliza tena, na uendelee kuuliza, na hita isiachwe bila msimamizi. Akaandika pia kwamba kila inapolazimika kuuliza mara ya pili, iseme.

"Sasa washa pampu," alimwambia dada.

"Na mayai yamo humo?"

"Na mayai yamo humo."

Dada aliweka mkono kwenye swichi kama mtu anayegusa chungu cha moto. Pampu ikanguruma. Maji yakarukia trei. Taa ya kijani ya kompyuta haikupepesa hata kidogo. Sebuleni, mwalimu, aliyekuwa amepewa kazi ya kutazama kioo, alipaza sauti: "Hakuna neno! Kimya! Joto liko pale pale!" Dada akazima, akawasha tena, akazima, akawasha, mpaka uani pakawa tope, naye akiwa amelowa na kucheka peke yake.

Siku ya kuangua ilianza na sauti moja, nyembamba, ndani ya kabati la kwanza. Kabla ya saa nne makabati yote yalikuwa yanalia. Ganda lilipasuka hapa, mdomo mdogo ukatokea pale, kifaranga kikajitupa juu ya mwenzake, kikalala kidogo kimechoka, kikaamka kimekuwa manyoya ya njano. Mchwa na dada walitoa trei, wakaweka vifaranga kwenye maboksi chini ya taa, wakarudi, wakatoa nyingine. Kabati la tatu ndilo dada aliloliacha mwisho. Alilifungua akiwa amefumba macho. Kelele iliyotoka humo ilimfanya ayafumbue.

Lilikuwa limejaa. Ungeweza kuhesabu yale yasiyoanguliwa bila kuhitaji mkono wa pili.

Dada aligeuka. Alimvuta mdogo wake kwa shingo ya nguo, akamkumbatia pale katikati ya maganda, yeye mrefu na yule mfupi, na vifaranga vikiwapandia miguuni.

Alipopiga simu kuwaita wateja, wengine, kwa kelele za vifaranga, walidhani kwake kunanyesha. Nesi mstaafu ndiye aliyefika wa kwanza, na safari hii alikuja na beseni. "Boksi zile niliwashia moto," alisema bila haya. "Sikuwa na imani." Akachukua kifaranga kimoja, akakitazama macho, miguu, kitovu, kwa ile namna ya mtu aliyepokea watoto wengi maishani. Akakishusha ndani ya beseni. "Huyu ni mzima. Nani kati yenu ndiye fundi?"

"Huyo," dada alisema. "Mdogo wangu. Huyo huyo."

Mwalimu alirudi kutoka shuleni na chaki kwenye mkono wa shati, akapita katikati ya watu hadi mlangoni pa stoo, akatazama makabati matupu na maboksi yaliyojaa. Akavua miwani.

"Shemeji, leo sina utani."

"Unaumwa?" Mchwa aliuliza, na uani wote wakacheka, na mwalimu akacheka kuliko wote.

Habari za namna hii hazihitaji mtangazaji. Miongoni mwa walionunua vifaranga siku ile alikuwamo meneja wa kituo cha kukusanyia maziwa. Wiki iliyofuata alirudi, naye hakuja kutafuta kuku. Matangi yake mawili ya kupozea maziwa yalikuwa yanapanda joto nyakati asizozijua, na kila fundi aliyeitwa alikuta yameshapoa. "Nimesikia wewe unazifundisha mashine kusema," alimwambia Mchwa.

"Zinasema zenyewe," Mchwa alijibu. "Mimi napanga ziseme nini, zimwambie nani, na saa ngapi."

"Njoo."

Alikwenda na mfuko wake wa vifaa na kibao kipya cha kijani. Chumba cha tangi la kwanza kilikuwa na sakafu ya vigae iliyolowa, chuma kinachong'aa, na wafanyakazi watano waliovaa mabuti ya mpira ambao waliacha kazi wakaja kusimama nyuma yake. Alifunga kipima joto. Akafungua faili la mipangilio, akaandika mstari wa anwani, akaiambia iulize saa kwanza. Safari hii aliufungua mlango wa kompyuta ya ofisini kabla ya kitu chochote. Meneja aliinama juu ya bega lake.

"Tunangoja nini?"

"Neno la kwanza."

Likatokea, juu kabisa ya kioo kitupu, na tarehe yake ilikuwa ya leo. Wale watano wenye mabuti walipiga makofi kana kwamba limefungwa goli, naye Mchwa akasimama, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ambayo ingesikika ng'ambo ya barabara:

"Haya. Tangi la pili liko wapi?"